Alexander Graham Bell na Chombo cha Kutafutia Metali

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba sumaku huvuta chuma, lakini haivuti shaba, wala fedha, wala dhahabu, wala risasi. Sasa tujiulize swali. Ikiwa sarafu ya shaba imefukiwa mchangani, na sumaku haiwezi kuivuta, je, mtu ataweza kujua mahali ilipo bila kuchimba kila mahali?

Ndiyo, ataweza. Kipo chombo ambacho hupitishwa juu ya ardhi kikalia kila kinapokaribia metali. Chombo hicho hutumiwa na watu wanaotafuta sarafu za kale, na askari wanaotafuta mabomu yaliyotegwa ardhini, na walinzi wa viwanja vya ndege. Lakini mmoja wa watu wa kwanza waliokitengeneza hakuwa akitafuta sarafu. Alikuwa akijaribu kuokoa maisha ya mtu. Jina lake ni Alexander Graham Bell, na hii ndiyo habari ya maisha yake.

Utoto wake

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi, 1847, katika mji wa Edinburgh, nchi ya Scotland. Babu yake na baba yake walikuwa walimu wa matamshi. Baba yake alibuni alama za kuandika, ambazo zilionyesha jinsi ulimi, midomo na koo vinavyokaa mtu anapotamka kila sauti. Mama yake alikuwa fundi wa kupiga kinanda, ingawa masikio yake yalikuwa mazito sana. Watu wengine walipotaka kuzungumza naye walipaza sauti. Bell hakufanya hivyo. Alisogeza kinywa chake karibu na paji la uso la mama yake akasema polepole kwa sauti nzito, na mama yake akamwelewa. Hivyo tangu utotoni Bell alitambua kwamba sauti ni mtikisiko, na kwamba mtikisiko huweza kupita katika vitu vingi.

Alikuwa mtoto mdadisi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, yeye na rafiki yake walizoea kucheza katika kinu cha ngano cha baba wa rafiki huyo. Bell alitazama jinsi kazi ya kutoa makapi ilivyowachosha watu, kisha akatengeneza mashine ndogo yenye brashi zinazozunguka, nayo ikayatoa makapi hayo kwa urahisi. Mashine hiyo ilitumika kinuni kwa muda mrefu.

Lakini familia ya Bell ilipatwa na msiba mkubwa. Bell alikuwa na ndugu wawili, na wote wawili walikufa kwa kifua kikuu. Mmoja mwaka 1867 na mwingine mwaka 1870. Wazazi walihofu kumpoteza mwana wao wa mwisho aliyebaki. Kwa hiyo mwaka 1870 walihama, wakavuka bahari na kwenda kuishi Kanada, mahali penye hewa safi. Huko Bell alipata nguvu tena.

Mwalimu wa viziwi na mvumbuzi wa simu

Mwaka 1871 Bell alikwenda Boston, Marekani, kuwafundisha watoto viziwi. Aliwafundisha kutamka maneno na kusoma midomo ya wasemaji. Kazi hii aliipenda maisha yake yote. Ni kweli kwamba viziwi wengi hawakubaliani na maoni yake, maana yeye hakutaka watoto viziwi wafundishwe kwa lugha ya ishara, na leo tunajua kwamba lugha ya ishara ni lugha kamili. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Mabel Hubbard, aliyepoteza uwezo wa kusikia kwa ugonjwa alipokuwa na umri wa miaka mitano. Bell na Mabel walioana mwaka 1877.

Mchana Bell alifundisha, na usiku alifanya majaribio ya umeme pamoja na fundi wake, Thomas Watson. Walitaka kupeleka sauti ya mtu kwa njia ya waya. Tarehe 10 Machi, 1876, Bell akiwa katika chumba kimoja alimwita Watson aliyekuwa katika chumba kingine, naye Watson akaisikia sauti hiyo katika chombo kilichounganishwa na waya. Hiyo ndiyo siku simu ya Bell iliposema maneno yaliyoeleweka kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1880 nchi ya Ufaransa ilimpa Bell zawadi ya faranga 50,000. Zawadi hiyo iliitwa kwa jina la Volta, mtaalamu wa Italia aliyetengeneza betri ya kwanza. Bell hakuzitumia fedha hizo kwa anasa. Alifungua maabara katika mji wa Washington, akafanya kazi humo pamoja na fundi hodari aitwaye Sumner Tainter.

Rais apigwa risasi

Tarehe 2 Julai, 1881, Rais wa Marekani, James Garfield, alikuwa akiingia katika kituo cha garimoshi mjini Washington. Mtu mmoja, aliyekasirika kwa sababu alinyimwa cheo serikalini, alimpiga risasi mbili. Risasi ya kwanza ilimkwaruza mkono. Ya pili iliingia mgongoni, nayo haikutoka.

Madaktari walimzunguka Rais na kuanza kuitafuta ile risasi. Walitia vidole na vyombo vyao ndani ya jeraha, tena bila kuvisafisha kwa dawa ya kuua vijidudu. Wakati ule daktari Joseph Lister wa Uingereza alikuwa amekwisha kueleza kwamba vijidudu ndivyo vinavyooza majeraha, lakini madaktari wengi wa Marekani walikuwa hawajamsadiki. Picha za eksirei nazo zilikuwa hazijavumbuliwa. Zilikuja kuvumbuliwa mwaka 1895. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuona ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Rais alilala kitandani Ikulu, na kila siku hali yake ilizidi kuwa mbaya.

Bell alipopata habari hizo aliwaza sana. Alikumbuka jambo alilopata kuliona alipokuwa akifanya majaribio ya simu. Aliona kwamba metali ikiwekwa karibu na koili za waya zenye umeme, sauti katika simu hubadilika. Je, risasi iliyo ndani ya mwili haingeweza kuibadili sauti hiyo vilevile? Bell aliazimia kujaribu. Mkewe alikuwa mjamzito, naye alikuwa mbali na Washington. Lakini Bell alimwacha huko, akaenda kufanya kazi na Tainter usiku na mchana.

Jinsi chombo kilivyofanya kazi

Ili tuelewe chombo hiki, tukumbuke mizani ya dukani yenye sahani mbili. Mwenye duka akiweka uzito sawa katika kila sahani, mizani hutulia. Ukiongeza hata punje chache za mchele upande mmoja, mizani huinama. Chombo cha Bell kilikuwa kama mizani, lakini hakikupima uzito. Kilipima nguvu za sumaku zinazotokana na umeme.

Chombo kilikuwa na sehemu hizi:

1. Koili ya kwanza, yaani waya mrefu wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ulipita ndani yake, ukikatwa na kuunganishwa upesi upesi, mara nyingi katika kila sekunde.

2. Koili ya pili, iliyounganishwa na simu ya kusikilizia. Koili hii haikuunganishwa na betri.

3. Simu, ambayo msikilizaji aliiweka sikioni.

Umeme unapopita katika koili, koili huwa kama sumaku. Umeme ukikatwa na kuunganishwa upesi, nguvu hiyo ya sumaku nayo huja na kutoweka upesi. Nguvu ya sumaku inayobadilika hivyo huweza kuanzisha umeme mwingine katika waya ulio karibu, hata kama waya hizo mbili hazigusani. Kwa hiyo kwa kawaida simu ingelia. Lakini Bell aliziweka koili zile kwa namna ya pekee, moja ikiifunika nyingine kidogo, hata nguvu zikalingana na kufutana kama uzito ulio sawa katika sahani mbili. Simu ikanyamaza.

Sasa kipande cha metali kikisogezwa karibu, nguvu ya sumaku inayobadilika huanzisha umeme mdogo ndani ya metali hiyo. Umeme huo nao huwa na nguvu yake ya sumaku. Basi usawa huharibika, mizani huinama, na simu hutoa sauti. Hivyo ndivyo chombo kinavyotambua hata metali zisizovutwa na sumaku, kama vile shaba, fedha na risasi. Angalia kwamba katika Kiswahili jina risasi ni jina la metali, na pia ni jina la kitu kinachofyatuliwa kwa bunduki, kwa sababu vitu hivyo vilitengenezwa kwa metali hiyo.

Si Bell aliyekuwa wa kwanza kugundua njia hii ya kusawazisha koili. Profesa David Hughes wa London alikuwa ameionyesha mwaka 1879. Mtu wa sayansi hujenga juu ya msingi uliowekwa na wenzake. Kazi ya Bell na Tainter ilikuwa kukifanya chombo kiwe na uwezo wa kutambua kitu kidogo kilichofichwa ndani ya mwili.

Walikijaribu kwa njia nyingi. Waliificha risasi ndani ya nyama ya ng'ombe wakaitafuta. Kisha waliwaita askari wa zamani waliopigana katika vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, ambao bado walikuwa na risasi miilini mwao. Chombo kikatoa sauti. Bell akawa na matumaini.

Majaribio mawili Ikulu

Jioni ya tarehe 26 Julai, 1881, Bell na Tainter waliingia katika chumba cha Rais. Bell alisimama nyuma ya kitanda, simu ikiwa sikioni. Koili zilipitishwa polepole juu ya mwili wa mgonjwa. Lakini badala ya ukimya, Bell alisikia mkwaruzo usiokoma, naye hakuweza kutambua lolote. Aliporudi maabara alikichunguza chombo, akaona kwamba sehemu moja iliyoongezwa ili kukipa nguvu zaidi ilikuwa imeunganishwa vibaya. Kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe. Alilirekebisha.

Tarehe 1 Agosti walirudi tena. Safari hii chombo kilikuwa kizima. Hata hivyo, sauti hafifu ilisikika mahali papana mno, wala haikuonyesha mahali pamoja palipo na risasi. Bell alistaajabu. Baadaye aliarifiwa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia mapema: chini ya godoro la singa za farasi alilolalia Rais, palikuwa na godoro jingine lenye springi za chuma. Metali ilikuwa chini ya mgonjwa mwili mzima!

Palikuwa na shida nyingine pia. Daktari mkuu aliamini kwamba risasi ilikuwa upande wa kulia, kwa hiyo alitaka upande huo tu ndio utafutwe. Bell alitafuta pale alipoelekezwa.

Katikati ya mahangaiko hayo, tarehe 15 Agosti, Mabel alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake. Mtoto alishindwa kuvuta pumzi vizuri, akafa siku ile ile. Bell alihuzunika sana, lakini hakuketi akilia tu. Alibuni koti la metali la kuvaliwa kifuani, ambalo lilisukuma na kuvuta hewa ili kumsaidia mgonjwa kupumua. Chombo hicho kilitangulia mashine za kupumulia zilizokuja kutumika miaka mingi baadaye.

Rais Garfield alikufa tarehe 19 Septemba, 1881, siku 79 baada ya kupigwa risasi. Mwili wake ulipochunguzwa, risasi ilionekana upande wa kushoto wa uti wa mgongo, mbali na pale palipotafutwa. Tena ilikuwa mahali ambapo isingemdhuru sana. Kilichomwua hasa ni usaha na sumu ya vijidudu vilivyoingizwa jerahani kwa mikono na vyombo vichafu. Madaktari wengi wa siku hizi huamini kwamba kama mikono hiyo ingalikuwa safi, Rais angaliweza kupona.

Kazi haikupotea

Je, Bell alishindwa? Alishindwa kumwokoa Rais, lakini hakushindwa katika sayansi. Mwaka 1882 aliandika taarifa kamili ya majaribio yake, akieleza yaliyofaulu na yasiyofaulu, ili wengine wajifunze. Pia alitengeneza sindano iliyounganishwa na simu. Daktari alipoichoma sindano hiyo mwilini na ncha yake ikagusa risasi, simu ilitoa sauti. Sindano hiyo ilisaidia madaktari kuwatibu askari waliojeruhiwa.

Bell aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni. Alikufa tarehe 2 Agosti, 1922, nyumbani kwake Kanada, akiwa na umri wa miaka 75. Siku ya mazishi yake simu za Marekani na Kanada zilinyamazishwa kwa dakika moja ili kumpa heshima.

Wataalamu wengine waliliendeleza wazo la chombo cha kutafutia metali. Katika miaka ya 1930 Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia Marekani, alitengeneza chombo cha kubebwa mkononi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Józef Kosacki, ofisa wa jeshi la Poland, alitengeneza chombo cha kutafutia mabomu ya ardhini. Alikitengeneza huko Scotland, nchi aliyozaliwa Bell, nacho kilitumiwa katika mapigano ya jangwani Misri mwaka 1942. Vita vilipokwisha, raia walianza kutumia vyombo vya namna hiyo kutafuta vitu vya kale.

Katika kisiwa cha Jersey, kilicho baina ya Uingereza na Ufaransa, waliishi marafiki wawili waliopenda kazi hiyo. Walisikia habari kwamba zamani sarafu za fedha zilipata kuonekana katika shamba moja. Kwa ruhusa ya mwenye shamba, walilitafuta shamba hilo kwa muda wa miaka thelathini hivi. Mwaka 2012 chombo chao kililia. Walichimba kidogo, wakaona sarafu nyingi zimeshikamana. Hapo waliacha kuchimba, wakawaita wataalamu wa makumbusho. Lilitolewa bonge moja lenye sarafu 70,000 hivi, zilizofukiwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Kwa kuwa marafiki hao hawakuzing'oa moja moja, wataalamu waliweza kujua jinsi zilivyopangwa na vitu vilivyofukiwa pamoja nazo.

Hapa Tanzania pia ziko sarafu za kale. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu za shaba mamia ya miaka iliyopita, na nyingi zimeonekana Kilwa Kisiwani. Sarafu iliyo mahali pake ardhini ni kama ukurasa wa kitabu cha historia. Ikiondolewa ovyo, ukurasa umechanwa. Ndiyo maana sheria yetu ya mambo ya kale, ya mwaka 1964, inavilinda vitu hivyo. Ukiona kitu cha kale, usikichimbue wala usikiuze. Weka alama mahali hapo, kisha mwarifu mwalimu wako au viongozi wa kijiji. Na ukiona kitu cha metali usichokijua, usikiguse kabisa, maana huenda kikawa bomu.

Jaribio

Vifaa: sumaku ya spika ya redio mbovu, sanduku la mchanga mkavu, msumari, kipande cha waya wa shaba, kipande cha sufuria ya aluminiamu na sarafu mbili za namna mbalimbali.

Fukia vitu vyote mchangani. Pitisha sumaku polepole juu ya mchanga na ndani yake. Andika ni vitu gani vimevutwa na ni vipi vimebaki. Sarafu nyingine hutengenezwa kwa chuma kilichofunikwa kwa metali nyingine, nazo huvutwa. Je, sarafu zako ni za namna gani?

Maswali

1. Bell alitambuaje, alipokuwa mtoto, kwamba sauti ni mtikisiko?
2. Kwa nini sumaku ya kawaida isingefaa kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais?
3. Eleza jinsi chombo cha Bell kinavyofanana na mizani ya dukani.
4. Taja sababu mbili zilizofanya jaribio la tarehe 1 Agosti lisifaulu.
5. Ni kitu gani hasa kilichomwua Rais Garfield? Tunajifunza nini kuhusu usafi wa mikono?
6. Kwa nini marafiki wawili wa Jersey waliacha kuchimba walipoziona sarafu?
7. Bell aliandika hata majaribio yake yasiyofaulu. Je, kufanya hivyo kuna faida gani katika sayansi?